Kipima Mvua cha Mama Dorotea

Rukia, rafiki yangu tangu usichana, alinipigia simu nikiwa barazani kwangu Songea nachambua maharage, na kabla hajasema neno nilijua, kwa namna alivyovuta pumzi, kwamba ananiletea msiba. "Dada Hilda," akasema, "Mama Dorotea wa Mapera ametutoka. Wanazika kesho." Sikulia. Nilimaliza kuchambua yale maharage, nikaingia ndani kutafuta kitenge cha kufaa, na asubuhi yake nikapanda basi la Mbinga. Kitai wakapanda watu wenye mizigo ya soko, Kigonsera wakashuka wanafunzi, na mimi nilikuwa nimeegemea dirisha kama mtu anayesafiri kwenda mahali pasipokuwepo tena. Nilipofika msibani nilikuta wanawake wamejaa jikoni nyuma ya nyumba, masufuria makubwa yako juu ya mafiga, na wawili waliokuwa wakimenya vitunguu wanazungumza bila kujua kwamba mgeni aliye nyuma yao alipata kuishi humo ndani. "Ndiye yule bibi wa mvua?" mmoja aliuliza. "Ndiye. Wanasema alipima mpaka macho yalipokataa." Bwana shamba mmoja kijana, mwenye adabu nzuri, akaniambia kwamba siku hizi wako watu wa kujitolea kama Mama Dorotea katika vijiji vingi, wana vipimo vya plastiki na wanatuma kwa simu kiasi cha mvua kila asubuhi. Nilifurahi kusikia. Rukia alipofika kutoka Mbamba Bay, amejitanda ushungi mweusi na magoti yanamsumbua kama yangu, tulishikana mikono kwa muda mrefu. "Baba angekuwa hai angekuja," alisema. Nikamwambia, "Angekuja kwa miguu."

Mwaka ninaoukumbuka ulianza baada ya Pasaka moja na kuisha baada ya Pasaka iliyofuata. Nilikuwa sijafikisha miaka ishirini, nimemaliza kidato cha nne, nasubiri kuitwa chuo cha ualimu, na kwa kuwa walimu walikuwa wachache nilipelekwa Mapera kufundisha kwa muda. Mwalimu mkuu alinipeleka kwa mjane mmoja aliyeishi peke yake jirani na shule. "Ana chumba," alisema, "na hana makelele." Chumba chenyewe kilikuwa cha nyuma, cha matofali ya kuchoma, na nusu yake ilikuwa imejaa magunia ya kahawa iliyokaushwa, kiasi kwamba nguo zangu, nywele zangu na hata daftari za wanafunzi vilinukia kahawa mwaka mzima. Kitanda kilikuwa cha kamba, kimelegea katikati. Ukutani palikuwa na picha ya Bikira Maria iliyoliwa na mchwa pembeni. Dirisha lilikuwa dogo, na ukilifungua uliona mibuni inashuka bondeni na ng'ambo ya pili ngoro za watu, yale mashimo ya mraba ambayo Wamatengo huchimba mlimani ili maji ya mvua yakae humo badala ya kukimbia na udongo. Jioni tulikula jikoni, kwenye kibanda cha nje, tumekaa kwenye vigoda, ugali wa mahindi na likolo la majani ya maboga lililoungwa karanga, au maharage, na Jumapili dagaa wa ziwani kama walipatikana. Sukari ilikuwa ya kutafuta. Tofauti na majirani zake, ambao walilima kahawa maisha yao yote bila kuionja, Mama Dorotea alikaanga yake mwenyewe na kuitwanga kwenye kinu, akainywa chungu, macho ameyafumba.

Kipima mvua kilikuwa nyuma ya nyumba, mahali peupe pasipo na mti wala paa la karibu, ndani ya uzio mdogo wa mianzi wa kuzuia mbuzi. Ukikitazama haraka ungedhani ni debe jembamba lililosahauliwa ardhini. Nusu yake ilifukiwa, nusu ikawa juu, na ndani yake mlikuwa na faneli na chupa ya kupokea maji. Padri mmoja mzee ndiye aliyekuwa akikisoma zamani, na aliporudi kwao alimwachia yeye, si kwa kazi ya kulipwa bali kwa kumwomba. Tangu siku hiyo, kila saa tatu asubuhi, Mama Dorotea aliosha mikono, akafunga kilemba vizuri kama anayekwenda kupokea mgeni, akaenda nyuma ya nyumba. Maji ya chupani aliyamimina kwenye kipimo cha kioo chenye mistari, akasoma, akaandika kwenye kadi ambayo kila mwisho wa mwezi aliituma kwa posta kwa watu wa hali ya hewa. Kwa ajili ya saa tatu hiyo alisali misa ya kwanza Jumapili na hakuwahi kusali ya pili. Kwa ajili yake hakulala ugenini. Siku za shule saa hiyo nilikuwa darasani, lakini Jumamosi, Jumapili na likizo zilikuwa zangu, na ndizo siku alizonifundisha. "Usiyatazame maji kutoka juu kama unayetazama chungu," aliniambia mara ya kwanza. "Shuka, mwanangu. Piga goti. Jicho liwe sawa na maji." Nikapiga goti. Ulikuwa mwezi wa kiangazi na kioo kilikuwa kikavu kabisa. "Andika sifuri," akasema. Nikamwuliza kwa nini tuandike kitu ambacho hakipo. Alinitazama kama vile nimeuliza kwa nini tunakula. "Kutonyesha nako kumetokea," alisema. "Huko wanakosoma watajuaje kama haikunyesha, au kama Dorotea alilala?"

Kila Jumamosi tulikwenda zahanati ya misheni. Palikuwa na redio ya mawasiliano ambayo masista waliitumia kuagiza dawa na kuita gari la wagonjwa, na Sista Kolumba, aliyeisimamia, alimruhusu Mama Dorotea dakika chache baada ya kazi kwisha. Upande wa pili, Mbamba Bay, ufukweni mwa Ziwa Nyasa, alikuwapo mwenye duka aitwaye Mzee Sefu, Mwislamu ambaye babu zake walitoka Kilwa, naye pia alikuwa na kipima mvua nyuma ya duka lake na alipima kwa kujitolea vilevile. Walikuwa wamezungumza kwa redio kwa miaka na hawakuwahi kuonana. Hawakuitana kwa majina. "Bay, Bay, hapa Mapera," Mama Dorotea alisema akiwa amekishika kile kipaza sauti kwa mikono miwili. Kukawa na mkwaruzo, halafu sauti nene yenye lafudhi ya pwani: "Nakupata, Mama Mapera. Waambaje?" Kwanza walipeana mvua za juma zima, au ukavu wa juma zima. Kisha, Sista akijifanya anapanga chupa za dawa, waliingia kwenye mengine. Mzee Sefu alieleza kwamba ziwa limechafuka na samaki aina ya mbasa hawapatikani. Mama Dorotea alieleza kwamba mibuni imechanua na Mapera yote inanukia. "Laiti redio ingechukua harufu," alisema yule mzee siku moja, na Mama Dorotea, ambaye sikuwahi kumwona akikosa neno, akakosa neno. Njiani tukirudi alitembea mbele yangu haraka kuliko kawaida.

Halafu mvua ikachelewa. Mwezi wa kumi na moja mawingu yalijaa juu ya milima ya Litembo kila mchana, yakawa meusi, yakatupa matumaini, na jioni yakaondoka. Watu walipanda kwenye vumbi. Mbegu zikaota kwa unyevu wa siku chache, zikakauka zikiwa na urefu wa kidole, wakapanda tena. Krismasi ilikaribia na ngoro zilikuwa mashimo matupu yenye nyasi za kahawia. Kijijini watu walianza kusalimiana kwa kifupi. Nyuma ya nyumba sisi tuliandika sifuri, na sifuri, na sifuri, na nadhani ni kule kuendelea kwetu ndiko kulikowachoma watu. Nilisikia kwa mara ya kwanza mashineni nikiwa kwenye foleni ya kusaga, ndoo yangu ya mahindi miguuni. Mashine ilikuwa imezimwa kidogo ili ipoe na wanawake mbele yangu hawakupunguza sauti. "Kila asubuhi yuko pale na debe lake. Anakinga nini kama si mvua?" "Anaipeleka wapi?" "Si anaituma posta! Inakwenda Dar es Salaam." "Ndiyo maana kule kila siku mafuriko." Wakacheka, na mimi nilitaka kucheka nao. Lakini mmoja hakucheka. "Mjane, hana mtoto, shamba lenyewe dogo," alisema. "Yeye mvua ana haja nayo gani?" Kicheko kikakatika. Nilikuwa msichana mdogo lakini nilikuwa nimeshasikia maneno ya namna ile yanavyoanza na yanavyoishia, na nilijua majina ya wanawake wazee waliohama vijiji vyao na masanduku kichwani baada ya maneno kama yale. Jioni nilimsimulia Mama Dorotea. Alikuwa anapukuchua mahindi ya akiba na mikono yake haikusimama. "Sitaki kujua ni nani," alisema. "Nikishajua, nitashindwa kuwasalimia."

Jirani yetu wa karibu alikuwa Baba Osmund. Huyu ndiye aliyempandia Mama Dorotea juu ya bati kila mwaka kuziba matundu, naye Mama Dorotea ndiye aliyemtunza mkewe alipougua baada ya kujifungua. Alikuwa mtu wa maneno machache, mrefu, mwenye kikohozi. Alikuwa amepanda mara mbili, na mbegu ya mara ya tatu hakuwa nayo. Ilikuwa likizo, nami nilikuwapo, asubuhi alipokuja na wanaume wengine wa kijiji, wameshika majembe, na balozi wetu wa nyumba kumi anawafuata nyuma kama mtu aliyeburutwa. Mama Dorotea alikuwa ndiyo kwanza anaosha mikono. Aliwatazama, akafunga kilemba.

"Karibuni," alisema. "Ngojeni nisome kwanza."

Wakangoja. Sijui kwa nini walingoja, lakini walisimama wakamwangalia anapiga goti, anatoa chupa, anaigeuza juu ya kioo na hakitoki kitu. Akaandika. Akasimama, akafuta goti lake vumbi. "Sifuri," alisema. "Sasa semeni."

"Mama, tunakiondoa," Baba Osmund alisema. Hakumtazama usoni. "Hatukuja kugombana. Watu wamesema sana. Tukiondoe, tuone."

"Kiondoeni," Mama Dorotea alisema. "Lakini nataka mnijibu jambo moja, na balozi asikie. Mkishakiondoa na mvua isije, mtakuja kuondoa nini tena hapa kwangu?"

Nilikuwa nimesimama mlangoni. Wote pale tulijua kwamba baada ya lile debe kilichokuwa kimebaki ni yeye. Balozi alikohoa, akasema kitahifadhiwa kwake, stoo, hakitaharibiwa, na mvua ikija kitarudi. Wakakichimbua. Baba Osmund mwenyewe ndiye aliyekibeba, amekikumbatia kifuani kwa uangalifu ili kisibonyee.

Mvua haikuja. Siku zilizofuata zilikuwa ndefu kuliko zote za mwaka ule. Watu waliokuwa wakipita uani kwetu kwenda kisimani sasa walizunguka. Kila saa tatu Mama Dorotea alitoka, akasimama kando ya lile shimo, akarudi ndani akaandika kwamba hana kipimo. Jioni moja tukila, aliweka tonge chini, akaniambia, "Mwanangu, ukitaka kuhamia kwa mwalimu mkuu sitakasirika. Wewe una maisha yako." Nilimwambia sihami. Nikaingia chumbani, nikakunja nguo zangu zote na kuziweka kwenye sanduku, nikakaa juu ya kitanda nikinusa magunia ya kahawa, halafu nikazitoa tena moja moja na kuzitundika. Mpaka leo sijui ningefanya nini kama angenikuta katikati ya kazi ile.

Jumamosi tulikwenda zahanati kama kawaida. "Bay, Bay, hapa Mapera," alisema. "Mapera hatuna kipimo."

"Kimevunjika?"

"Kimechukuliwa."

"Nani kakichukua?"

"Watu wangu," alisema.

Mkwaruzo ukaendelea kwa muda, tukadhani mawasiliano yamekatika, na Sista Kolumba akaanza kugusa vitufe. Ndipo ile sauti nene ikarudi, safari hii bila mzaha. "Mama Mapera, Jumapili ijayo nipo hapo. Wewe kaa nyumbani tu."

Siku hizi kutoka Mbamba Bay ni lami. Wakati ule ilikuwa siku nzima ya kupanda mlima kwa lori lililokuja kubeba mahindi au kahawa, na lori likiharibika ilikuwa siku mbili. Alifika Jumamosi jioni amejaa vumbi mpaka kwenye kope, na binti yake wa rika langu, Rukia, na gunia la dagaa. Tulikuwa tumesimama mbele ya nyumba. Kwa sauti ile mimi nilitarajia jitu la miraba minne, na bila shaka hata Mama Dorotea, kumbe aliyeshuka alikuwa mzee mfupi mwenye kofia ya kiua na miwani iliyofungwa uzi. Walitazamana.

"Bay?" Mama Dorotea aliuliza.

"Mapera?"

Wakaanza kucheka, wote wawili, wameshikana mikono, wanacheka kama watoto, mpaka Mama Dorotea akafunika uso kwa kanga na nikaona mabega yake yanatikisika kwa namna ambayo si ya kicheko tena. Mzee Sefu alingoja. Kisha akauliza kama kuna kuku, maana ana njaa. Kuku alikuwapo, amefungwa mguu tangu asubuhi; Mama Dorotea alikuwa amekataa asichinjwe mpaka mgeni afike amchinje mwenyewe, ili aweze kumla. Rukia alilala kwangu kwenye kile kitanda kilicholegea, tukawa tunateremkiana katikati, na huo ndio mwanzo wa urafiki wetu.

Jumapili baada ya misa balozi aliwazuia watu kwenye uwanja wa kanisa, akawaambia yupo mgeni kutoka ziwani ana neno. Watu walibaki, wengi kwa udadisi. Mzee Sefu alipanda kwenye ngazi ya chini. Alisalimia, akasema yeye ni mtu wa duka, si mtu wa hotuba, ila kule Bay anacho kipimo kama kile cha Mama, kimetoka mahali pamoja, kinasomwa saa ileile. "Na sisi huko mvua inatunyeshea tangu mwezi uliopita," alisema. "Sasa kama debe linazuia mvua, mbona langu halizuii?"

Watu wakatazamana. Niliona hoja inaingia. Halafu kutoka nyuma mwanamume mmoja akapaza sauti: "Ndiyo hiyo yetu! Mmeivutia kwenu!"

Uwanja mzima ukaguna. Mzee Sefu alivua miwani, akaipangusa, akaivaa. "Basi njooni mkaichukue," alisema. "Njooni na ndoo. Njia ya kwangu imekatika, choo changu kimetitia, chumvi yote dukani imekuwa maji. Nitawasaidia hata kubeba."

Alianza kucheka bibi mmoja mbele, kisha wa pembeni yake, kisha wote, kicheko cha watu waliokuwa hawajacheka kwa majuma. Baba Osmund peke yake hakucheka. Alisogea mbele, mrefu, amekunja mikono. "Mnacheka," alisema. "Wanangu watakula nini?"

Mzee Sefu akashuka kwenye ngazi ili wawe sawa, japo alimfikia kifuani. "Sijui, ndugu yangu," alisema. "Ningejua ningekwambia. Mwaka mmoja dagaa walitukimbia, wavuvi wakasema ni debe langu. Wakalitupa ziwani, hili la sasa ni la pili. Dagaa hawakurudi, na wateja nao wakanikimbia. Mke wangu aliogopa kwenda sokoni. Kilichoniuma si debe. Kiliniuma kwamba hakuna hata mmoja aliyesimama akasema, huyu tunamjua. Huyu mama hapa, wewe unamjua?"

Baba Osmund aligeuka akamtafuta mkewe. Alikuwa katikati ya wanawake, mtoto mgongoni, na yeye pia alikuwa anamtazama. "Namjua," Baba Osmund alisema hatimaye. Akamgeukia balozi. "Kirudishwe. Lakini mimi nitakuwa nakuja kila asubuhi kuona anachofanya."

"Uje," Mama Dorotea alisema. "Uoshe mikono."

Akaja kweli. Siku za kwanza alisimama mbali, mikono amekunja, kama askari. Juma lililofuata alikuwa amesogea hadi kwenye uzio. Baadaye nikamsikia anamsahihisha: "Mama, hujashuka vya kutosha." Walikuwa wakisoma sifuri pamoja, watu wawili wazima wamepiga magoti kwenye vumbi, na kuna kitu katika kusoma sifuri pamoja ambacho kiliondoa sumu iliyokuwapo kati yao kuliko mazungumzo yoyote. Na mvua ilipokuja, ilikuja alasiri moja ya Januari bila radi wala vitisho, nikiwa nasahihisha madaftari. Nilisikia kwenye bati kama mtu anamwaga ulezi, halafu kama anamwaga mahindi, na halafu sikusikia hata sauti yangu mwenyewe. Watoto walitoka uchi. Mama Dorotea alisimama mlangoni amejishika kiuno. Asubuhi Baba Osmund alifika mapema mno, akakaa kwenye kigoda nje kungoja saa tatu, na saa ilipofika Mama Dorotea akamkabidhi kioo. "Soma wewe." Alipiga goti. Midomo ilikuwa inamtembea. Kisha akakiinua kile kioo kwenye mwanga, akaweka ukucha wake kwenye mstari. "Mama," alisema, "imefika hapa," na sauti ikamkatikia, akajifanya ni kile kikohozi chake.

Baada ya hapo wanawake wa jirani walianza kutega makopo yao uani, kila mmoja kwa mashaka kwamba kwa mwenzake imenyesha zaidi, na kisimani mabishano yalikuwa ni hayo tu. Njaa ilitupata hata hivyo, maana mahindi mengi yalikuwa yameshakufa, na mwezi wa pili na wa tatu tulikula ugali wa makopa, mihogo mikavu, ambayo Mzee Sefu alikuwa akipandisha kwa lori kutoka ziwani, ugali mweusi wa kunata ambao Wamatengo walikuwa wakiucheka zamani. Waliula. Siku moja, tukitwanga hayo makopa, nilimwuliza Mama Dorotea kama amemsamehe Baba Osmund. Alifikiri huku mchi uko juu. "Nikimnunia," alisema, "nani atapanda kuziba bati?" Nilidhani ananikwepa. Nimefundisha shule maisha yangu yote, nimegombana na kupatana na watu wengi, na siku hizi naona alikuwa ananijibu.

Barua ya chuo ilikuja Pasaka ilipopita. Siku ya kuondoka mvua za mwisho mwisho zilikuwa bado zinanyesha, manyunyu yasiyokoma, na lori la kunipeleka Mbinga lilikuwa linanisubiri barabarani asubuhi ileile, saa ileile. Tulikuwa tumeshaagana jikoni. Nilijua hawezi kunisindikiza na sikumwomba. Aliniwekea kahawa iliyotwangwa kwenye kitambaa, akanishika kichwa kwa mikono miwili, akanigeuza kuelekea mlangoni. Nilikuwa nimeshabeba sanduku nilipomsikia Baba Osmund, aliyekuwa ameshafika na kuosha mikono.

"Mama, msindikize mtoto," alisema. "Mimi nitasoma."

Mama Dorotea alisimama. Aliangalia kule nyuma ya nyumba, akaniangalia mimi, akaangalia tena nyuma ya nyumba. Tangu yule padri aondoke, hakuna mtu aliyekisoma kipimo kile yeye asiwepo. "Ina manyunyu," alimwambia. "Usije ukasema ni kidogo ukaacha."

"Siachi."

"Na ushuke."

"Nitashuka, Mama. Nenda."

Akachukua sanduku langu akajitwika mwenyewe, nami nikamfuata kwenye njia ya matope kati ya mibuni, maji yakitudondokea kutoka kwenye majani, mpaka barabarani. Alinisimulia jambo refu kuhusu mbuzi wa jirani ambalo sikulisikiliza, kwa sababu nilikuwa nikimwangalia yeye. Njia nzima hakugeuka nyuma hata mara moja.